Baba alivyouza Pijo lake mwenyewe

KUNA maneno ambayo mtoto, hata akiwa na watoto wake wakubwa, hupata tabu kuyatoa mdomoni mbele ya baba yake. Kwetu yalikuwa matatu tu: "Baba, usiendeshe tena."

Tumezaliwa watano, wote tunajitegemea, na kwa karibu mwaka mzima hakuna aliyethubutu kuyasema. Kaka yetu mkubwa yuko Dar es Salaam na msimamo wake ulikuwa kwamba kazi hiyo ni ya walio karibu. Mimi niko Songea, mwendo wa kama saa mbili kutoka nyumbani Mpepai, Mbinga. Kwa hiyo aliye karibu nilikuwa mimi.

Gari lenyewe ni Peugeot 504, au Pijo kama tulivyozoea kuliita, saluni nyeupe ya mwaka 1974 yenye gia za kwenye usukani. Wazazi wa umri wangu wanalikumbuka. Leo barabara zimejaa IST, Probox na Noah, lakini tulipokuwa wadogo ukiona Pijo linaingia kijijini ulijua kuna daktari, bwana shamba mkubwa au mtu wa serikali. Letu lilikuwa la mkulima wa kahawa, na mkulima huyo alihakikisha kila mtu anajua hivyo.

Wageni aliwatambulishia hivi: "Hili ni gari la mashindano." Sisi watoto tulikuwa tukicheka pembeni, maana mashindano tuliyoyaona ni magunia kwenye buti na mbuzi kwenye siti ya nyuma. Lakini mzee hakuwa anatia chumvi. Pasaka ya 1966, yeye akiwa kijana wa miaka 21, mbio za Safari zilikuwa bado zinapita Kenya, Uganda na Tanzania, na mshindi akawa Bert Shankland, Mskoti aliyekuwa akiishi Dar es Salaam, akiwa na Peugeot 404. Mwaka uliofuata akashinda tena kwa gari la aina hiyohiyo. Mwaka 1968 yakafika mwisho magari 7 tu, mengine yote yakabaki kwenye tope na mito, na la kwanza likawa 404 tena. Kisha likaja 504. Ove Andersson wa Sweden akashinda nalo 1975, na Jean-Pierre Nicolas wa Ufaransa akashinda 1978 kwa lile la milango miwili. Baba aliyasikia yote hayo kwenye redio. Akajiwekea nadhiri.

Fedha alianza kuzikusanya 1977. Baridi kali ya Julai 1975 ilikuwa imeunguza mibuni ya Brazil, bei ya kahawa duniani ikapanda kupita kiasi, na hata mkulima wa Umatengo aliyekuwa akilipwa na mamlaka ya zao alionja kidogo. Pijo alilipata 1981, kwa mhandisi wa kigeni aliyekuwa akimaliza mkataba wake na kurudi kwao. Mama anasema alichagua mwaka mbaya kuliko yote. Nchi ilikuwa imetoka vitani, mafuta hakuna, na Jumapili mchana magari binafsi yalikuwa yamekatazwa barabarani. Miezi ya mwanzo gari lilikaa bandani, na baba alikwenda kanisani kwa miguu huku amebeba funguo mfukoni.

Nieleze alivyolitunza, kwa sababu bei ya mwisho ilitoka hapo.

Alikuwa na daftari. Si kitabu cha gereji, ni daftari la shule la mistari. Kila oili iliyobadilishwa iliandikwa tarehe, kilomita na bei. Kila plagi, kila fanibelti, kila tairi na mahali liliponunuliwa. Stika za leseni ya barabara za kila mwaka, hadi ada hiyo ilipofutwa 2017, amezibandika kurasa za nyuma moja baada ya nyingine. Daftari la kwanza lilipojaa akaanza la pili. Gari lilipoondoka yalikuwa matano.

Wakati wa kuchuma alikuwa akibeba kahawa mbivu kwenda kukobolewa, na kahawa mbivu hutoa maji machachu yanayokula bati. Basi chini ya buti alitandika turubai mara mbili, na jioni buti lote lilioshwa na kukaushwa kwa kitambaa. Masika, barabara ya Songea ilipokuwa bado ni tope, alipofika nyumbani kazi ya kwanza ilikuwa kulala chini ya gari na kigoe kutoa udongo. Kula kulisubiri. Mama aliwahi kumwambia mgeni kwamba yeye ni mke wa pili, wa kwanza yuko bandani. Mgeni alicheka. Baba hakucheka.

Na sisi tulilipwa kwa gari hilo. Safari za Mbamba Bay kula samaki wa Nyasa, watoto wanane nyuma, tukishuka kutoka milimani kwetu hadi ziwani. Pale alitufundisha jambo ambalo mimi nalifuata hadi leo kwenye kigari changu: mteremko unashushwa na gia, breki ni za kusimama. Kidogo changu wa mwisho, mwenye miaka 11, kabla hajajua kuendesha baiskeli alikuwa tayari anajua kupima oili, kwa sababu babu yake alimfundisha kuchomoa kile kijiti, kukifuta, kukirudisha na kukisoma.

Haya, macho.

Ilianza na nguzo ya lango, upande wa kushoto. Gari lililokaa miaka zaidi ya 40 bila mkwaruzo likapata wa kwanza. Akasema nguzo imeinama. Mwezi uliofuata nguzo ileile tena, na safari hii akasema jua. Kisha mama akanipigia simu usiku, kwa sauti ya chini kama anayeongea kanisani, akaniambia walipotoka kwenye msiba mtoto mwenye baiskeli alitokea kushoto na baba hakumwona kabisa. Si kwamba alichelewa kumwona. Hakumwona. Mama ndiye aliyepiga kelele.

Nilikwenda Jumamosi hiyo. Sikusema habari ya gari hata kidogo. Nilimwambia kuna wataalamu wa macho Songea, na mimi mwenyewe nataka kupimwa, anisindikize. Alikubali kunisindikiza. Tulipimwa wote wawili.

Jicho moja lilikuwa na mtoto wa jicho, ambalo ni jambo la upasuaji mdogo na mtu anaona tena. Lakini macho yote mawili yalikuwa na glakoma, na hilo wazazi wenzangu naomba mlisome taratibu. Glakoma haiumi. Inaanza kula kingo za macho, pembeni, polepole, na mtu anaendelea kusoma gazeti vizuri huku pembeni pameshafungwa. Kilichopotea hakirudi. Dawa za matone zinazuia tu kisipotee zaidi, na zinawekwa kila siku. Na huenda katika familia: mzazi akiwa nayo, watoto tunatakiwa kupimwa kabla hatujaona dalili yoyote. Yangu yalikuwa salama, na nimeambiwa nirudi kila mwaka.

Daktari ndiye aliyeyasema yale maneno matatu. Aliyasema kwa heshima, amekaa, si amesimama: "Mzee wangu, kuendesha sasa hapana." Baba aliuliza swali moja tu, kama upasuaji hautarudisha. Akaelezwa. Njiani kurudi Mpepai hakuongea mpaka tulipopita Peramiho, ndipo akasema, "Kwa hiyo nguzo haikuinama."

Kelele zilianzia kwenye kundi letu la WhatsApp. Kaka alikuwa amepata mnunuzi ndani ya siku mbili, mtu wa vyuma chakavu, laki tisa taslimu, analibeba mwenyewe. Dada wa Makambako akasema lisiuzwe, liwekwe ukumbusho. Mdogo wetu akauliza nani atalifulia huo ukumbusho. Ujumbe ulifika kama sitini kwa usiku mmoja, na kwenye hiyo sitini hakuna mmoja ulioandikwa na mwenye gari, kwa sababu baba hana simu ya aina hiyo. Mama alisomewa na mjukuu. Asubuhi akatupigia mmoja mmoja na swali lilelile: "Gari ni la nani?"

Hapo tulinyamaza. Na kwa maoni yangu hapo ndipo familia nyingi hukwama: mzee anaambiwa na hospitali asiendeshe, watoto tunasikia kwamba mzee hawezi kuamua. Miguu ya baba ilikuwa na nguvu, akili yake inafanya hesabu za kahawa kwa kichwa kuliko simu yangu. Kilichopungua ni pembeni mwa macho.

Basi tukakubaliana kwamba muuzaji ni yeye. Sisi ni makarani wake.

Kazi ya karani si ndogo, niwaambie. Kwanza kadi ya gari. Kwa bahati baba aliihamisha kwa jina lake tangu mwanzo, na namba zilipobadilishwa kuwa hizi zinazoanza na T alikwenda mwenyewe kuisajili upya. Jirani zetu hawakuwa na bahati hiyo. Baba yao alifariki akiwa na Land Rover zuri tu, kadi ina jina la marehemu. Kuliuza kulihitaji cheti cha kifo, muhtasari wa kikao cha ukoo, na msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na Mahakama ya Mwanzo, ambaye naye anatakiwa kupeleka mahakamani orodha ya mali na madeni ndani ya miezi 4. Ndugu walishindwa kukubaliana nani awe msimamizi. Land Rover liko chini ya mparachichi mpaka leo na majani yametokea dirishani. Mzee akiwa hai na anaweza kusaini, jambo hilohilo ni kazi ya siku chache: mkataba wa mauziano mbele ya wakili, nakala za vitambulisho, TIN za pande zote mbili, kisha TRA kwa kuhamisha umiliki, kuna ada yake na ushuru wa stempu wa asilimia 1. Na usikubali ile habari ya "nitahamisha baadaye." Jina likibaki lako, faini za barabarani za huyo bwana zitakutafuta wewe.

Mtu wa vyuma chakavu alikuja licha ya kuambiwa asije. Alizunguka gari mara moja akaanza kuhesabu uzito. Baba alimkaribisha chai, akamwacha anywe hadi mwisho, akamwambia gari lililo hai halipimwi kwa kilo.

Wa pili alitaka ekseli tu, atengeneze tela la kukokotwa na ng'ombe. Kwa kweli Pijo nyingi za nchi hii zimemalizia hivyo, na baba hakumdharau, alimwelekeza kwa mtu mwenye pikapu bovu upande wa Kigonsera.

Wa tatu alitoka Dar es Salaam, kijana mwenye heshima, amevaa viatu vyeupe kwenye udongo wetu mwekundu. Alikuwa ameona picha nilizoweka mtandaoni. Alilipenda kweli. Akaeleza mipango yake: atalishusha chini, ataweka rimu pana, injini ya Toyota ili asipate shida ya spea, na redio kubwa. Akataja milioni nane bila hata kuombwa. Baba alimsikiliza, akamuuliza, "Sasa mwanangu, unanunua nini hapa?" Kijana akasema muonekano. Baba akamjibu kwamba muonekano hauuzi, akamwagia maharage kwenye mfuko ampelekee mama yake.

Simu ya kaka ilikuja kabla kijana hajafika Songea. Sitaandika yote aliyosema. Lakini alikuwa na hoja: kuna upasuaji wa jicho, kuna matone ya kila siku maisha yote, kuna mjukuu anayeanza chuo Oktoba, na mzee amekataa milioni nane kwa sababu ya rimu. Nilimwambia baba bila kuficha. Akasema, "Mwambie nimesikia. Tusubiri wiki tatu. Asipopatikana mtu, nitampigia mwenye viatu vyeupe mimi mwenyewe." Kaka alikubali. Shingo upande, lakini alikubali.

Wiki ya pili akaja fundi kutoka Iringa. Alikuja kwa basi, na mfuko mdogo wa spana. Ana 504 nyingine mbili, moja inafanya kazi ya kubeba maharusi, nyingine anaichukulia spea. Hakuuliza bei. Aliomba daftari. Akakaa kwenye kigoda karibu saa nzima anasoma yale madaftari kuanzia 1981, na mara moja moja anauliza, "Hapa 1993 ulibadilisha rejeta, ile ya zamani ilikuwa na nini?" na baba anajibu bila kufikiri. Mama akaniambia jikoni, "Huyu ndiye."

Baba hakuwa na haraka. Alitaka kumwona anaendesha. Tukatoka barabara ya Mbamba Bay, ambayo sasa ni lami tupu, fundi kwenye usukani, baba kushoto kwake, mimi nyuma na mwanangu. Ilikuwa mara ya kwanza katika maisha yangu kumwona baba amekaa siti ile. Alikuwa ameshika magoti yake. Tukafika mteremko wa kwanza. Fundi akakanyaga klachi, akarudisha gia ya pili, mguu wake ukakaa mbali na breki, na gari likashuka lenyewe linanguruma taratibu kama linavyotakiwa. Baba akaachia magoti. Tulipogeuza, bei ikazungumzwa. Milioni sita na nusu.

Milioni moja na nusu pungufu. Si fedha ndogo; kwa mjukuu yule ni ada ya kutosha. Kaka alilisema hilo na bado analisema tukikutana, na sidhani kama anakosea kulisema. Lakini ada ililipwa, tulichangishana, na yeye ndiye aliyetoa zaidi. Upasuaji ulifanyika mwezi uliofuata na baba sasa anasoma daftari zake mwenyewe, maana nakala alizibakiza: nilimpigia picha kila ukurasa nikazichapisha Songea, kurasa zaidi ya mia tatu. Mwenye duka aliuliza kama ni vitabu vya kanisa.

Kuhusu watoto. Mwanangu alilia siku gari lilipoondoka, na alilia kwa sauti. Nilitaka kumnyamazisha, baba akanizuia kwa mkono. Hakumwambia kwamba gari ni chuma tu. Alimpeleka bandani akampa kijiti cha kupimia oili, cha akiba, kilichokaa kwenye sanduku tangu 1990 kwa mujibu wa daftari. Mtoto amekiweka chini ya godoro na hakuna anayeruhusiwa kukigusa.

Fundi hupiga simu kila baada ya wiki mbili tatu. Mara ya kwanza alitaka kujua kuhusu kabureta asubuhi za baridi, jambo ambalo mtu wa Iringa analijua vizuri kuliko mtu yeyote. Nadhani alikuwa anataka kumsikia mzee tu. Wanaongea nusu saa. Mwezi wa Septemba alituma picha, Pijo limefungwa maua, bibi harusi anatokea mlango wa nyuma. Baba aliishika simu mbali kidogo na uso, akaikuza kwa vidole kama nilivyomwonyesha, akakagua tairi.

Banda lilikaa tupu siku nne. Ya tano mama aliingiza kuku. Baba akasema angeulizwa kwanza, kwa kuwa banda ni lake. Mama akamjibu kwamba kuku ni wake, na kwamba yeye amengoja tangu 1981. Sasa wapo kama thelathini, na kila jioni baba ndiye anayewafungia mlango. Kuna daftari jipya pia, linaning'inia kwenye msumari ambao zamani ulikuwa wa funguo. Mayai yanaandikwa kwa tarehe.